Je, Pugu ni Shule ya Mapadri?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, kipindi cha jioni)



Leo tulipanga kusoma habari za samadi. Tumeiweka kando, na sababu mnaijua. Wiki iliyopita, kipindi kilipokuwa kinakwisha, mzee wetu aliyekaa pale karibu na mlango alisimama akauliza swali. Mjukuu wake amefaulu kidato cha nne. Amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika Shule ya Sekondari Pugu, Dar es Salaam. Kijiji kizima kimefurahi. Mzee peke yake hakufurahi. Alisema: "Pugu naisikia tangu utoto. Ni shule ya mapadri. Sisi ni Waislamu. Kijana akienda huko, si atarudi na jina jingine?"

Wengine walicheka. Sisi wa ofisi ya elimu hatukucheka. Nafasi ya kidato cha tano haikai ikimngoja mtu. Kijana asiporipoti kwa siku zilizowekwa, anapewa mwingine. Kwa hiyo swali la mzee lina haraka yake.

Tena mzee hakukosea. Pugu ilikuwa shule ya mapadri kweli. Waliomwambia hivyo utotoni walimwambia kweli. Lakini kuna mambo yaliyotokea baadaye, na bila kuyajua hayo mtu anaweza kumzuia mtoto kwa sababu iliyokwisha zamani. Basi leo tutasoma habari ya shule hiyo tangu mwanzo. Mwenye daftari aandike miaka.

PUGU NI WAPI

Wafugaji mnaijua Pugu kuliko sisi. Ng'ombe wengi wanaotoka bara kwenda kuliwa Dar es Salaam hupitia mnada wa Pugu. Ukitoka katikati ya jiji ukafuata barabara ya uwanja wa ndege, ukapita Gongo la Mboto, unaanza kupanda vilima. Hapo ndipo Pugu. Ni kama kilometa 20 tu kutoka mjini. Reli ya Kati inapita hapo tangu wakati wa Wajerumani, na treni mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, nayo ina kituo hapo.

Zamani palikuwa msitu na mashamba, na watu wa hapo walikuwa Wazaramo. Mapadri walifikaje?

Walifika mwaka 1888. Walikuwa Wajerumani wa shirika la Wabenedikto. Walijenga misheni yao juu ya vilima vile, wakaanza kulea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Misheni haikumaliza hata mwaka mmoja kwa amani. Mwaka huohuo wa 1888 watu wa pwani walianza vita na Kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuwatawala na kuwatoza kodi. Kiongozi wa vita hivyo aliyejulikana zaidi ni Abushiri bin Salim, wa Pangani. Mwezi Januari 1889 wapiganaji waliivamia misheni ya Pugu, wakaichoma. Mabradha wawili na sista mmoja waliuawa. Wengine walichukuliwa mateka, wakaja kukombolewa baadaye kwa fedha. Abushiri mwenyewe alinyongwa na Wajerumani huko Pangani mwezi Desemba 1889.

Hapa tukae kidogo. Kwa nini wapiganaji waliwashambulia watu wa dini? Wabenedikto hawakuwa askari. Lakini walikuwa Wajerumani, na walikuja wakati uleule Wajerumani wengine walipokuja na bunduki na bendera. Mtu wa pwani angewatenganishaje? Kwake wote walikuwa nyumba moja. Hofu hiyo haikwisha Abushiri aliponyongwa. Ilikaa katika nyumba nyingi za Waislamu, baba akamrithisha mwana: shule ya misheni ni mlango, ukiingia unabatizwa. Na mara nyingi ilikuwa hivyo kweli. Shule nyingi za misheni zilikuwa njia ya kupata waumini. Mapadri na wachungaji wenyewe hawakulificha jambo hilo.

Kwa hiyo mzee wetu alipouliza swali wiki iliyopita, alikuwa anauliza swali lenye umri wa zaidi ya miaka 130.

Wabenedikto baadaye walielekea zaidi kusini, wakajenga Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Jina la Ndanda likumbukeni, tutalirudia.

KOLEGI YA MTAKATIFU FRANSISKO

Tangu mwaka 1921 kazi ya Kanisa Katoliki katika Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwa Wakapuchini kutoka Uswisi. Hao ni watawa wanaomfuata Mtakatifu Fransisko wa Asizi, yule aliyeacha mali ya baba yake akaishi maskini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kanisa lilijenga pale Pugu shule ya sekondari ya wavulana, ya bweni, ikapewa jina la mtakatifu huyo. Watu waliiita Kolegi ya Mtakatifu Fransisko.

Neno "kolegi" limewachanganya wengi. Wapo wanaodhani Pugu ilikuwa chuo kikuu. Hapana. Waingereza huweza kuiita hata sekondari kwa jina hilo, hasa sekondari yenye heshima. Ila kwa hapa kwetu heshima hiyo ilikuwa na maana yake, na ili muione hebu tuhesabu ngazi za elimu za wakati ule.

Mtoto wa kijijini alianza darasa la kwanza. Akifika la nne, wengi waliishia hapo. Wachache waliendelea shule ya kati, darasa la tano mpaka la nane. Hapo tena mchujo. Wachache miongoni mwa wachache waliingia sekondari, darasa la tisa mpaka la kumi na mbili. Mwisho wake walifanya mtihani wa Cambridge. Karatasi za majibu zilisafirishwa mpaka Uingereza kusahihishwa, na kijana alikaa nyumbani miezi akisubiri mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, aseme kama amefaulu. Aliyefaulu vizuri alikuwa na mlango mmoja mbele yake: Makerere, huko Kampala. Hapakuwa na chuo kikuu Tanganyika. Chuo cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kwa wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU, kwa kuwa majengo yake yenyewe hayakuwepo bado.

Basi sekondari kama Pugu ilikuwa ngazi ya mwisho kabla ya Makerere. Katika nchi nzima shule za namna hiyo zilikuwa chache mno. Ilikuwapo ya serikali pale Tabora, maarufu sana, na zilikuwapo za misheni. Kwa Mkatoliki wa kijijini mwenye akili, njia ilikuwa moja: shule ya kigango, shule ya kati ya misheni, sekondari ya misheni. Kwa Mwislamu wa kijijini mwenye akili ileile, njia ilikuwa nyembamba zaidi. Mambo haya tunayasema wazi kwa sababu yalikuwa hivyo.

Mmoja aliyepita njia hiyo ni Benjamin Mkapa. Alizaliwa Lupaso, wilaya ya Masasi, mwaka 1938. Alisoma shule za misheni huko kusini, Ndanda ikiwamo, kisha akaja Pugu, na kutoka Pugu akaenda Makerere. Mwaka 1995 akawa Rais wetu wa tatu. Alifariki mwaka 2020, akazikwa kijijini kwao Lupaso. Mkapa hakutoka katika nyumba ya chifu wala ya tajiri. Bila shule hizo pengine angebaki mkulima wa korosho mwenye akili nyingi, kama walivyobaki wengi tusiowajua majina.

MWALIMU WA HISTORIA

Sasa tunafika kwenye jambo lililoifanya Pugu ijulikane hata na wasiojua iko wapi.

Mwezi Oktoba 1952 alirudi nchini kijana wa miaka 30 kutoka Edinburgh, Uskoti, alikokuwa amesoma miaka mitatu. Wakati huo Watanganyika wenye shahada walihesabika kwa vidole. Kazi yake ilikuwa ualimu. Kabla ya kwenda Ulaya alifundisha Tabora katika shule ya mapadri ya Mtakatifu Maria. Aliporudi aliajiriwa Pugu kufundisha historia. Mwezi Januari 1953 akaoa. Kijana huyo ni Julius Nyerere. Jina la "Mwalimu" hakupewa kwa heshima ya bure, alilipata kwa kushika chaki.

Dar es Salaam kulikuwa na chama cha Waafrika, kwa Kiingereza kikiitwa TAA. Miongoni mwa viongozi wake alikuwamo Abdulwahid Sykes, Mwislamu, mtoto wa mjini. Mwezi Aprili 1953 chama kilimchagua mwalimu wa Pugu kuwa rais wake. Fikirini hilo. Wazee wa mjini, wengi wao Waislamu, walimpa uongozi Mkatoliki wa kutoka Musoma anayefundisha kwenye shule ya mapadri. Hawakumwuliza amebatizwa na nani.

Mwaka huohuo serikali ya mkoloni iliwakataza watumishi wake kushiriki vyama vya siasa. Makarani, waganga na walimu wengi wa serikali wakarudi nyuma. Wangefanya nini, nao wana watoto wa kulisha? Lakini mwalimu wa Pugu hakuwa mtumishi wa serikali. Mshahara wake ulitoka misheni. Kwa hiyo yeye amri ile haikumfunga. Hili watu hulisahau. Shule ya Kanisa, ambayo wengi waliiona kama mkono wa Wazungu, ndiyo iliyompa kivuli cha muda mtu aliyekuja kuwatoa Wazungu madarakani. Mapadri hawakupanga hivyo. Ndivyo ilivyotokea.

Wazee husimulia kwamba mwisho wa juma alikuwa akishuka kutoka Pugu kwenda mjini kwenye mikutano, wakati mwingine kwa miguu, kisha anarudi awahi darasa la Jumatatu. Barabara ile iliitwa Barabara ya Pugu. Siku hizi sehemu yake ya mjini inaitwa Barabara ya Nyerere.

Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU, naye akawa rais. Mwezi Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja huo. Nauli yake ilipatikana kwa michango. Aliwaambia wakubwa wale kwamba nchi hii ni ya Waafrika na itajitawala. Magazeti yaliandika. Serikali ilikasirika.

Aliporudi Pugu, mambo hayakuwa kama alivyoyaacha. Shule za misheni zilipata ruzuku kutoka serikalini, na mwalimu huyu sasa alikuwa maarufu kwa maneno ambayo serikali haikuyapenda. Padri mkuu wa shule akamwita. Hakumtukana, hakumfukuza. Alimweleza kwamba haiwezekani tena kushika mambo mawili. Achague: darasa au siasa.

Ndugu, mnajua maana ya kuacha mshahara. Hapa ndani wamo walioacha kazi ya mkonge, wamo waliopunguzwa kazi viwandani miaka ya 1990. Mwalimu alikuwa na mke na watoto wadogo. TANU haikuwa na fedha za kumlipa. Nyumba aliyolala ilikuwa ya shule. Akichagua siasa, anatoka kazini na nyumbani siku moja.

Alichagua siasa. Mwezi Machi 1955 aliandika barua ya kuacha kazi, akarudi kwao Butiama na familia yake. Na huko alifanya nini kwanza? Alimfundisha padri mmoja Mmarekani lugha ya Kizanaki. Aliiacha shule ya mapadri, hakuwaacha mapadri. Baadaye alirudi Dar es Salaam kuongoza TANU, na mengine yote mnayajua.

Nasi tuliosomea ualimu, kila tukifika kwenye habari hii tunaona ugumu wa padri yule pia. Wengi wanamsimulia kama adui. Sisi hatuoni hivyo. Alikuwa na shule ya kulinda na wavulana waliosubiri mtihani. Alisema neno la haki kwa namna ya haki, na aliyeambiwa hakumchukia. Wapo wakuu wa kazi, hata leo, ambao wangemfanyia mtumishi fitina mpaka aondoke mwenyewe.

SHULE ILIPOBADILI MWENYEWE

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwalimu alikuja kusimulia miaka ya baadaye kwamba Waingereza walipoondoka waliacha wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili, na kwamba katika kila watu wazima 100, watu 85 hawakujua kusoma. Kati ya hao 85 walikuwamo wazazi wenu.

Serikali mpya ilikuwa na sekondari chache, na nyingi kati ya hizo chache zilikuwa za dini au za jamii fulani. Wakatoliki na Walutheri walikuwa na zao, hali kadhalika Waanglikana na Waismailia. Mtoto asiye wa jamii hiyo aliingia kwa shida au hakuingia. Nchi moja, lakini malango yake ya elimu yalikuwa na majina ya dini. Je, ungefanya nini kama wewe ndiye Rais?

Mwaka 1969 Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu, na kuanzia mwaka 1970 serikali ikazichukua shule zilizokuwa zikipata ruzuku yake. Kolegi ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa miongoni mwa hizo. Jina la mtakatifu likaondoka, likabaki la vilima: Shule ya Sekondari Pugu. Haikuwa Kanisa Katoliki peke yake. Shule ya wavulana ya Aga Khan pale Dar es Salaam nayo ilichukuliwa, ikawa Tambaza.

Angalieni basi. Aliyezichukua shule hizo alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku. Baada ya kufariki kwake mwaka 1999, Kanisa lenyewe lilianza kuchunguza maisha yake, kama anafaa kutajwa mwenye heri. Na mojawapo ya shule alizozichukua ni ileile iliyompa mshahara, ikampa nyumba, kisha ikamwambia achague. Wapo waliosema alikuwa analipiza kisasi. Sisi hatuamini. Mwenye kisasi angeichukua Pugu akaacha nyingine. Yeye alizichukua zote kwa sheria moja.

Lakini tusiseme kwamba halikuuma. Ndugu zetu Wakatoliki mliomo humu, tunajua. Watu walisomba mchanga, wakachoma tofali, wakatoa sadaka ya senti tano tano miaka mingi, kisha barua moja inafika inasema shule si yenu tena. Watu wa namna hiyo hawapaswi kuambiwa nyamazeni. Walijenga. Na walichojenga kinasomesha mpaka leo watoto wasio wao. Tunaliweka jambo hilo kwenye hesabu yao.

Kitu kingine kilipotea, nacho tukitaje. Shule za misheni zilikuwa na mtu wa kuzililia. Paa likivuja, padri hakulala. Zilipokuwa za serikali, katika sehemu nyingi zikawa za wote, na cha wote mnajua kinavyotunzwa. Tazameni kisima chetu cha mwaka juzi. Pampu iliharibika mwezi wa pili, mpaka mwezi wa tano kila mtu anamwambia mwenzake, "si kazi yangu, ni ya kijiji." Kwa miaka mingi shule kongwe za serikali zilichakaa vibaya, mpaka serikali ilipoanza kuzikarabati upya.

Faida yake sasa. Tangu wakati ule, mtoto anaingia Pugu kwa alama zake. Karatasi ya kumchagua haina nafasi ya kuandika kama ni Mkatoliki. Mjukuu wa mzee wetu amechaguliwa kwa namna hiyo. Hakuna padri aliyempigia debe, hakuna shehe aliyempigia debe. Alisoma kwa koroboi, tumeona wote.

Na tazameni dunia inavyozunguka. Baadaye milango ilifunguliwa tena, Kanisa Katoliki likajenga shule nyingine nyingi, nzuri sana. Ipo moja ya wasichana kule Mbeya, nayo inaitwa Mtakatifu Fransisko, inaongoza mitihani ya taifa mara kwa mara. Msiichanganye na Pugu, watu wanachanganya kila siku. Shule hizo mpya zinapokea watoto wa dini zote, ila zinalipiwa ada, na ada yenyewe mkulima wa ekari mbili haiwezi. Lakini ile kolegi ya zamani, kwa kuwa ilichukuliwa na serikali, mtoto wa mkulima anaingia bila ada. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Mwenye kulaumu mambo ya mwaka 1970 na mwenye kuyasifu, wote wawili walitazame hilo.

SASA TUMJIBU MZEE

Babu, tumekuzungusha sana, utusamehe. Sasa jibu lako.

Mjukuu wako hatabatizwa Pugu. Mkuu wa shule ni mtumishi wa serikali. Somo la dini lipo katika shule za serikali, lakini kila mwanafunzi hufundishwa dini yake, na kwake atafundishwa Uislamu. Atakutana na Wakristo bwenini, atalala kitanda cha juu na Mkristo atalala cha chini, au kinyume chake. Akitaka kusoma Kurani hakuna wa kumzuia. Asipotaka kusali, babu, hilo si la Pugu. Hilo linaweza kumpata hata akibaki hapa nyuma ya nyumba yako.

Akienda, ataona vilevile alama za zamani. Jirani kuna kituo cha hija, ambako Wakatoliki huenda kusali na kuwakumbuka wale waliouawa mwaka 1889. Asishtuke. Hiyo ni historia ya mahali, nayo ni haki ya wenyewe. Na kijana akiwa na akili atakumbuka kwamba Abushiri naye alikuwa na sababu zake, na kwamba wote wawili, waliouawa na waliowaua, wamo katika historia ya nchi hii anayoisoma.

Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili. Kama zamani, ni ngazi ya mwisho kabla ya chuo kikuu, ila siku hizi hana haja ya treni mpaka Mwanza na meli mpaka Uganda. Vyuo vikuu viko hapahapa nchini, kadhaa vikiwa palepale Dar es Salaam. Na karatasi zake hazitakwenda Cambridge kusahihishwa.

Tena kuna jambo la kazi. Fomu ya kujiunga imefika ofisini kwetu tangu juzi, hii hapa mezani. Imeandikwa Kiswahili. Inataja vitu vya kuleta, yaani sare, godoro, shuka na madaftari, inataja siku ya kuripoti mwezi Julai, na mwishoni ipo sehemu ya mzazi au mlezi kuweka sahihi. Kuna watu wamejitolea kumsomea babu. Tumewaambia wakae. Babu amemaliza kisomo mwaka huu, hatia dole gumba tena. Ataisoma mwenyewe, pole pole, neno kwa neno, na asipoelewa mahali atauliza. Akiona jambo la dini lisilompendeza ndani yake, alitaje mbele yetu hapa.

Habari ya nauli na godoro tutaizungumza baada ya chai. Mwenyekiti wa kitongoji ameshaleta daftari la michango. Samadi tutaisoma wiki ijayo.

Karibu mezani, babu. Taa isogezeni huku.